Foleni Ilipohamia Nje

Ukipeleka mpunga kukobolewa hapa Kasongo, utamsikia Djamila kabla hujaiona mashine, maana sauti yake hushinda injini. Ndiye anayeendesha mashine ya Mzee Sumaili kando ya soko. Mkono wake wa kushoto una kovu refu la moto. Alilipata katika mji wa Wamaza, akimvuta mama aliyegoma kutoka kwenye banda la mashine lililokuwa linaungua. Mama yule alikuwa amefika alfajiri, hakutaka kupoteza zamu yake.

Tangu hapo Djamila ana hofu moja, wala haifichi: mtu asije akafa mbele yake kwa ajili ya beseni la mpunga. Alitoa bandani madumu ya mazutu, yaani dizeli ya injini, akaweka pipa la maji mlangoni, akatundika rimu kuukuu ya gari. Ikigongwa, alisema, wote watoke.

Siku ya kwanza akaigonga kutujaribu. Tukamtazama tu.

"Moto iko wapi?" Mama Mathilde akauliza, amekalia beseni lake.

"Haiko, Mama. Tunajifunza kutoka."

"Basi moto yako iko ya uongo, nafasi yangu iko ya kweli. Sitoke!"

Tulicheka mpaka machozi. Djamila hakucheka. Alikuwa akilisugua lile kovu, na nilimhurumia sana. Lakini mimi nilikuwa wa pili kwenye foleni, nitoke nina wazimu?

Kesho yake akaja na sheria. Rimu ikilia, foleni inahamia nje, kwenye ukuta ng'ambo ya barabara. Anayetoka mikono mitupu anabaki na zamu yake. Anayeng'ang'ania mzigo anakwenda mwisho.

"Hata miye?" Mzee Sumaili akauliza kwa mzaha.

"Hata weye, Baba."

Akagonga. Jamani! Mama Mathilde, ambaye kila siku anatulilia magoti, alifika ukutani wa kwanza, akatugeukia na kutucheka.

Msimu wa mavuno, adhuhuri moja, cheche iliruka kutoka kwenye bomba la moshi ikaangukia pumba nyuma ya banda. Rimu ikalia. Tulikuwa ukutani hata kabla ya kunusa moshi, kila mtu nyuma ya mwenzake. Djamila akatupitia kwa macho, uso ukambadilika. Mzee Sumaili hakuwepo. Alikuwa ndani, anaburuta gunia lake la mpunga wa harusi ya binti yake.

"Baba Sumaili!" Djamila akapiga kelele mlangoni. "Acha gunia! Unaenda wa mwisho!"

Hata leo sijui mzee aliogopa nini zaidi, moto au aibu. Alitoka mbio anakohoa, mikono mitupu. Tukamwaga maji, vijana wa pikipiki wakatupa mchanga, moto ukala pumba na kona ya ukuta, ukazimika.

Injini ilipowashwa tena, mzee alikwenda mbele kama kawaida yake. Mashine si yake? Djamila alimwonyesha mwisho wa foleni, maana alikuwa ameng'ang'ania gunia. Akaenda, mwenye mashine, akasimama nyuma yetu sote mpaka jua likapoa.

Zamu yake ilipofika, Djamila alishika gunia, akasita, machozi yakamtoka.

"Pole, Baba, nimekuchelewesha."

"Haina neno, mwanangu," mzee akasema. "Foleni haijapungua mutu."