Majina Aliyokuwa Nayo Ottilia

Ottilia alizaliwa Mbaha, ufukweni mwa ziwa. Baba yake alikuwa mvuvi, Mwanglikana. Mimi ni Mmatengo, mtu wa mlimani, Mkatoliki. Nilimwona mara ya kwanza mwaka wa hamsini na sita. Alikuwa amepanda huku na mama yake, wamebeba matenga ya usipa, wale samaki wadogo wa ziwani, wabadilishe na maharagwe. Alikuwa anatetemeka kwa baridi. Nikamsogezea kigogo kilichokuwa kinawaka. Uchumba wangu ulikuwa huo tu. Mengine walisema wazee.

Alipoolewa, dada yangu na wake wa ndugu zangu walimcheka. Walimwita mtu wa majini. Alikuwa hajui jembe la kwetu. Huku mteremko haulimwi hivi hivi, udongo wote utashuka mtoni. Tunalima ngolo. Wanaume hufyeka majani marefu, wakayalaza mistari inayokatana. Wanawake huchimba katikati ya mistari na kufukia yale majani kwa udongo. Kila mraba unabaki na shimo, maji ya mvua yanakaa humo. Maharagwe yanapandwa juu ya matuta.

Siku ya kwanza alisimama juu ya kilima akatazama chini.

"Kumbe ni wavu," akasema. "Mmeutandazia mlima wavu."

Hawakumcheka tena sana.

Mteremko wetu, kutoka kijito hadi kijito, tunauita ntambo. Si wa mtu mmoja, ni wa ukoo. Wafu wetu wamelala humo humo. Kila mwaka, mwezi wa tatu, kabla ya kufungua ngolo, walikuwa wanaambiwa. Mwanamke mmoja wa ukoo alichukua unga wa ulezi kwenye ungo. Alipiga magoti pale majani yanapokatana mara ya kwanza, akamwaga unga, akafukia kwa udongo. Akifukia, anawataja. Anaanza na yule aliyekuja kwanza kwenye mteremko huu. Fulani akamzaa fulani, aliyemwoa fulani, wakamzaa fulani. Anashuka nao hadi aliyekufa mwaka uliopita. Kwa sauti ndogo, akiuambia udongo. Sisi wanaume tunakaa juu na majani yetu. Wanawake wengine wanakaa chini kwenye kijito. Anayekaa karibu ni mmoja tu, yule anayefundishwa, naye lazima awe amekwisha kuzaa.

Padri alijua. Akatuachia.

Aliyekuwa na majina wakati huo ni shangazi yangu Bonifasia. Hakuwa na binti. Dada yangu wa pekee alikuwa ameolewa Kigonsera, akafia huko na uzazi. Shangazi alizeeka akiwa nayo peke yake. Mimi na Ottilia tulizaa saba. Watatu tuliwazika ntambo, wadogo wote. Baada ya yule wa tatu, shangazi alikuja nyumbani akakaa kwenye kigoda.

"Shikamoo, shangazi," Ottilia alimwamkia.

"Marahaba. Mwezi wa tatu utapiga magoti na mimi."

"Mimi ni mgeni, shangazi. Mimi ni wa Mbaha."

"Umelaza watoto watatu humu. Mgeni halazi watoto." Akaomba ugoro.

Basi Ottilia alifundishwa miaka tisa. Shangazi alipofariki, akaanza yeye. Mtu wa majini akawa ndiye anayesema na wazee wa mlimani. Walikuwa kumi na mmoja alivyowakuta. Aliniambia idadi, majina hakuniambia. Siku moja nilimwuliza, tuko jikoni.

"Huwezi kuwataja jikoni," akasema. "Ukiwataja jikoni unawaita jikoni. Watakula nini hapa, majivu?"

Binti yetu mkubwa ni Getrude. Alijifungua mtoto wa kwanza mwishoni mwa mwaka wa tisini na nne. Ottilia alifurahi. Alisema mwezi wa tatu utakaokuja Getrude atapiga magoti naye.

Mwaka ule ndio wanunuzi binafsi wa kahawa walianza kupanda huku. Zamani kahawa ilikuwa ya ushirika, unapeleka, unangoja, unazeeka. Sasa malori yalikuja mpaka mlangoni, watu wanapewa pesa mkononi siku hiyo hiyo. Kijiji kizima kilichanganyikiwa. Mtu akinunua redio, jirani anataka bati. Hakuna aliyelala.

Jioni tulikula pamoja uani kwangu, wanaume wa ukoo, kama ilivyo desturi. Mdogo wangu Urbani akaanza.

"Kaka, ule mteremko wa juu unalala na majani miaka na miaka. Majani hayanunuliwi. Hujaona lori linalopanda huku kuchukua majani."

"Majani ni ya ngolo," nikasema.

"Ngolo ni maharagwe. Maharagwe tutanunua. Tupande mibuni kote, mpaka kijitoni."

Ottilia alikuwa anatoa vyombo. Akasimama na bakuli mkononi.

"Na mwezi wa tatu nitasema nao wapi?"

"Sema nao hapo hapo, shemeji, chini ya mibuni," Urbani akasema. "Wazee walikunywa pombe ya ulezi mpaka wakaanguka. Kahawa ndiyo itawashinda?"

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka. Ottilia alikusanya mabakuli yote, hata langu lililokuwa bado na mboga, akaingia ndani.

Tulipanda mibuni kote. Makaburi tuliyaacha, tukayazungushia mawe.

Mwezi wa tatu wa mwaka wa tisini na tano alitoka asubuhi na ungo na jembe, Getrude nyuma yake na mtoto mgongoni. Walirudi kabla jua halijapanda.

"Vipi?"

"Nimekosa pa kuanzia," akasema. "Hakuna majani yaliyokatana. Nimezunguka mibuni kama kuku."

Hakwenda tena. Mibuni ilipoanza kuzaa, bei ilikuwa imekwisha kuanguka. Malori yaliacha kupanda, likaja moja moja, na mwenyewe anachagua. Maharagwe tulinunua kweli. Getrude alihamia Mbinga mjini na mume wake, akauza mitumba. Mimi na Ottilia tulibaki. Hakunilaumu. Angenilaumu ningesema jambo.

Mwaka wa elfu mbili na moja, mwezi wa kwanza, miguu ilimvimba. Hospitali walisema moyo umechoka, wakatupa vidonge, wakasema mpumzisheni nyumbani. Nilielewa. Na yeye alielewa. Tukiwa njiani kurudi alisema neno moja tu.

"Baba Getrude, ng'oa mibuni. Mraba mmoja."

Kung'oa mibuni kulikatazwa, bwana shamba alikuwa amesema mkutanoni. Urbani aliogopa, akaniambia nitafungwa uzee huu. Nilimwambia anifunge nani, nina miaka karibu sabini. Niling'oa minane. Mizizi yake ilikuwa imeingia sana, ilinichukua siku nne. Majani hayakuwepo tena ntambo. Nilishuka kijitoni nikafyeka matete na nyasi za pembeni, nikabeba kichwani, nikayalaza yakakatana. Ilikuwa ngolo ya ovyo. Shimo moja. Mwezi ulikuwa wa pili bado, lakini yeye asingefika wa tatu, tuliona.

Getrude akaja na basi. Tulimbeba Ottilia kwa machela, wanaume wanne, Urbani mmoja wao. Ottilia alimtania. Alisema, "Shemeji, leo unabeba mzigo wa usipa." Urbani alilia huku anabeba.

Tulimketisha kwenye majani. Kupiga magoti hakuweza. Getrude alipiga magoti ubavuni pake, akamshikia jembe. Wengine tulipanda juu kama inavyotakiwa. Mimi sikupanda sana. Nilisimama kama hatua ishirini, nikaona mdomo wake unakwenda. Unga ulishuka. Udongo ukafuata.

Halafu mdomo ukasimama.

Akaanza tena. Ukasimama tena. Akaanza mara ya tatu, mkono wake unapiga paja polepole, kama mtu anayehesabu ngazi gizani. Kisha akageuka akaniita, kwa sauti, mbele ya watu wote.

"Baba Getrude. Babu yako alizaliwa na nani?"

Babu namjua, nilikaa mapajani pake. Baba yake simjui. Baba yangu hakuniambia na mimi sikuuliza. Kwetu mambo hayo yalikuwa ya wanawake, wanayo wao, sisi tunalima.

"Sijui," nikasema.

"Jina lolote la hapo juu yake. Mama yake. Nipe moja nishike, mengine yatakuja."

"Sijui, Ottilia."

Urbani hakujua. Wale wengine hawakujua. Tulikuwa wanaume wazima saba pale, wenye mteremko.

Akatutazama. Hakuwa na hasira. Alisema, "Hawa ni wenu. Mimi niliazima tu." Akaomba arudishwe, anasikia baridi.

Getrude aliniambia baadaye. Mama yake alifika wa nne kila mara. Wa tano hakuja. Miaka sita bila kuyasema, na hayasemwi pengine, yalikuwa yamemtoka.

Alikaa wiki tatu zaidi. Kila asubuhi nilimwona anatazama dari, midomo inajaribu bila sauti. Nilimpa uji. Nilisema acha, utachoka. Akasema, "Nikiacha nani atajaribu?" Usiku mmoja alifikiri amepata. Akaniamsha akasema mpigie Getrude simu Mbinga, aje. Simu ilikuwa parokiani, na parokia ilikuwa imefungwa. Asubuhi alikuwa hana tena. Alifariki Jumanne, mwezi wa tatu, mvua inanyesha. Tulimzika ntambo, karibu na watoto wake watatu.

Kwetu aliyekufa hutajwa mara ya kwanza ngolo inayofuata, mwaka ukipita. Hapo ndipo anaingia kwa wenzake. Kabla ya hapo yuko nje, anangoja. Sikutaka angoje nje. Alikuwa mtu wa kusikia baridi.

Nilikuwa na mwaka mmoja. Nilikwenda Kigonsera kwa miguu na lifti, kwa sababu babu alibatizwa na wamisionari wa huko akiwa mzee, karibu na kufa. Nikamkuta karani wa parokia, kijana mwenye adabu, akatoa kitabu kikubwa akakipuliza vumbi.

"Shikamoo, babu. Huyo unayemtafuta anaitwa nani?"

Nikamtajia. Alitafuta hadi saa saba. Akalipata.

"Huyu hapa. Wazazi: wapagani."

"Majina yao?"

"Ndiyo hivyo, babu. Wapagani."

"Wote wawili wanaitwa hivyo?"

Alitaka kucheka, akanitazama usoni, akaacha. Akaninunulia chai.

Nilikwenda Kingerikiti kwa mama mmoja mzee aliyekuwa rafiki wa shangazi Bonifasia. Hasikii. Nilimpigia kelele swali langu mpaka majirani wakaja kuangalia nani anagombana na bibi. Alinijibu kuhusu mbuzi. Nilifika hata Mbaha, kwa kaka yake Ottilia, labda aliwahi kumwambia. Alisema, "Shemeji, dada yangu alitunza mambo yenu kuliko yetu. Hapa hakusema kitu." Akanipa usipa wa kwenda nao. Niliula peke yangu.

Mwezi wa tatu mwaka huu ulifika. Niliongeza kung'oa mibuni, ikawa miraba kumi na miwili. Bwana shamba alipita, akaona, akaendelea na safari yake. Getrude alikuja na ungo wa unga wa ulezi. Alipiga magoti. Wa juu wanne anao. Wa chini tunao, babu na baba, na shangazi. Katikati hapana. Ottilia ni wa mwisho kabisa, huwezi kumfikia bila kupita hapo.

Getrude alishika jembe, hakufukia. Akasema bila kugeuka, "Baba, nikitoka wa nne nakwenda kwa nani?"

Urbani akasema, taratibu, "Weka jina lolote hapo, mwanangu. Au ruka. Nani atajua?"

"Baba mdogo, nikiruka nimemfanya babu yenu kuwa mtoto wa mtu asiyemzaa. Nitakuwa nimewatenganisha wao, nimemwingiza mama kwa watu wasiomjua."

"Basi mtaje mama peke yake."

"Peke yake ni mtu aliyepotea njia."

Wakanitazama mimi. Mimi ndiye mkubwa wa ntambo. Nilikuwa na la kusema, yaani sema Ottilia tu, sema mara moja, nimsikie anatajwa. Halikutoka. Niliogopa kumwingiza vibaya. Nikatikisa kichwa.

Getrude akafukia bila kutaja mtu. Udongo tu. Wanawake wakapanda kutoka kijitoni, wakaanza kuchimba. Hakuna aliyeimba. Hadi saa nane ngolo zote zilikuwa tayari. Maharagwe tulipanda, mvua haingoji.

Unga haukumwagwa. Getrude alishuka nao nyumbani, akauweka mezani, akauliza aufanye nini. Hauliwi, ulikwisha kupelekwa kwa wazee. Haurudishwi kwenye gunia. Nilimwambia sijui. Kesho yake alipanda basi kurudi Mbinga.

Ungo uko mezani. Nimeufunika kwa kanga ya Ottilia, kuku wasiupande.