Chambo Tulichokikokota Bwawani

Vumbi la jiwe la sabuni likilowa maji hutoa harufu ambayo sijaipata mahali pengine popote. Si ya udongo wala ya chaki. Inakaribia ile ya shati safi lililosahauliwa sandukuni kwa muda mrefu. Harufu hiyo ilijaa nyumba yetu kijijini Tabaka tangu asubuhi hadi jioni, ikaingia kwenye nywele, kwenye uji, hata kwenye nguo za kanisani. Kazi kwetu iligawanywa tangu zamani: wanaume huchimba na kuchonga, wanawake na watoto husugua. Mama aliketi juu ya gunia miguu ameinyoosha, beseni la maji mapajani, akisugua kwa msasa vikombe, twiga na sahani za sabuni ambazo baba alikuwa amezitoa kwa panga na kisu. Mimi niliketi kando yake na beseni langu dogo. Kitu cha kwanza alichonifundisha ni kwamba ukingo wowote lazima uviringishwe. Ukingo mkali hukwaruza vitu vingine ndani ya sanduku, halafu huvunjika kabla lori halijafika mjini Kisii. Mama hakuhitaji kutazama. Alipitisha kidole gumba, na pale kilipokwama alisugua tena.

Likizo ya Agosti ya mwaka ninaoukumbuka, nyumba ilikuwa na swali moja tu, nalo halikutajwa sana kwa sauti. Nyakundi, binamu yake baba, alikuwa amerudi kutoka pwani alikokuwa akiwauzia watalii vinyago ufukweni. Alirudi na miwani ya jua aliyoivaa hata mawingu yakiwa mazito, na alitaka baba aondoke naye baada ya Krismasi. Baba, ambaye sisi watoto tulimwita tata kama ilivyo desturi ya Kigusii, hakukubali wala hakukataa. Mama alizidi kusugua. Hata mimi nilielewa maana ya safari hiyo, kwa sababu kwenye kilima chetu kulikuwa na nyumba ambazo wenyewe walikwenda pwani kwa msimu mmoja na sasa walikuwa watu wa kutuma salamu.

Katika likizo hiyohiyo mfanyabiashara wa vinyago alifika na mgeni kutoka pwani, jina lake Athumani, baharia katika mashua inayowapeleka wageni kuvua nduaro, yule samaki mkubwa mwenye mdomo mrefu kama sime. Alitoa mfukoni kichwa cha plastiki kilichotafunwa upande mmoja, kirefu kama kidole cha mtu mzima, kikiwa na tundu katikati. Alitueleza kwamba nyuma ya kichwa hicho hufungwa nyuzi laini mfano wa sketi, ndani yake hufichwa ndoana, kisha chambo chote hukokotwa nyuma ya mashua. Upepo wa kaskazi ukivuma, mawimbi huwa mafupi na makali, na vyambo vyepesi huruka nje ya maji. Nahodha wake alikuwa ameliona jiwe letu kwenye duka la vinyago, akaona ni zito na laini kuchongeka.

"Fundi, unaweza?" akamuuliza baba.

"Sura naweza. Lakini kinafanya nini ndani ya maji?"

Athumani alichutama akaonyesha kwa mkono. Chambo kizuri, alisema, hupanda juu, hupumua hewa, kisha huzama na kuvuta nyuma yake mkia wa povu kama moshi. Halafu hupanda tena. "Nduaro haoni hiki kichwa, mzee. Anaona moshi. Kisipotoa moshi, utazunguka bahari nzima ukiosha kamba."

Aliongeza kwamba kama vingetoa moshi, nahodha angeagiza kila msimu, na wenye mashua nyingine pia. Baba alimtazama mama. Mama akaacha kusugua. Nadhani hapo ndipo kila mmoja wetu alipofikia hesabu ileile: kazi ya kila msimu inayofanyiwa Tabaka ilikuwa sababu ya kutosha ya mtu kubaki Tabaka.

Athumani alikubali kukaa siku chache. Baba hakuwahi kuiona bahari, nami samaki niliowajua walikuwa omena wa sokoni na mbuta aliyeletwa kutoka ziwani amekwisha kukaangwa. Lakini bondeni kulikuwa na bwawa la kunyweshea ng'ombe, na upande mmoja ukingo wake ulikuwa umenyooka kama barabara. Athumani alisema mwendo wa mashua inapokokota unakaribia wa mtu anayekimbia kwa nguvu, basi baba akachukua baiskeli. Mimi niliketi kwenye karia nimeushika mwanzi mrefu ulioelekezwa majini, ili kamba ikae mbali na kingo. Kichwa cha jiwe kilifungwa kwenye kamba, kikavishwa sketi ya vipande vya gunia la mbolea. Ndoana hatukuweka. Baba alipiga pedali, mwanzi ukanivuta bega, na nyuma yetu chambo cha kwanza cha Tabaka kikapita majini kama kijiti kilichochoka.

Wachungaji waliacha ng'ombe wao wakaja kutazama. Nyakundi naye alikuja, na miwani yake.

"Ndugu yangu," akapaza sauti kutoka upande wa pili, "ukimshika huyo samaki, mimi niwekee mkia tu!"

"Nitakuwekea mdomo," baba akajibu bila kugeuka. "Wako umeshachakaa."

Watu walicheka, lakini chambo hakikutoa moshi. Cha pili kilijizungusha hadi kamba ikajisokota. Cha tatu kililala ubavu. Baba hakukasirika. Nilichojifunza kwake juma lile, na ambacho kimenifaa maishani kuliko masomo mengi niliyojisomea, ni kwamba alibadilisha kitu kimoja tu kila mara. Alisogeza tundu juu kidogo ya katikati, ili uzito uning'inie chini, kujizungusha kukaisha. Alikata uso wa kichwa kwa mshazari; kikaanza kuchimba maji. Bado hakikupumua. Tulipanda na kushuka ule ukingo hadi mikono yangu ikashindwa kufunga vifungo vya nguo, na jioni baba alikohoa vumbi la mchana kutwa huku akikizungusha kile kichwa cha plastiki karibu na moto. Kisha akapitisha ukucha kwenye ukingo wa uso wake. Ukucha ulikwaruzwa. Akachukua cha jiwe, akapitisha ukucha. Uliteleza.

Akamgeukia mama, akamwita kwa jina langu kama kawaida yake. "Mama Kemunto, huu ukingo wa mbele usiuguse na msasa."

"Nikiuacha hivi utavunjika kabla ya Kisii."

"Haviendi kukaa Kisii. Vinaenda kukata maji."

"Na huko baharini anayeviangalia ni nani?"

"Samaki."

"Basi samaki wako aje asugue mwenyewe," mama akasema, akalisukuma beseni kando.

Tulicheka wote, naye pia. Lakini namkumbuka alivyoketi baadaye, mikono juu ya mapaja, kama mtu aliyeambiwa aache kupumua. Maisha yake yote kidole chake kilikuwa kimetafuta ukali ili kiuondoe. Sasa ukali huo ndio uliohitajika, na hitaji lenyewe lilikuwa la kumweka mumewe nyumbani.

Kesho yake alikuja bwawani nasi, nguo za kufua kichwani. Baba alipiga pedali. Chambo chenye ukingo mkali kilizama, kikapanda, kikatoa kichwa juu ya maji kwa sauti ndogo kama ya mtu anayebusu, kisha kikazama tena, na nyuma yake ukanyooka mstari mweupe wa mapovu, mrefu, ukibaki majini hata baada yetu kupita. Athumani alirusha kofia yake juu. "Moshi! Moshi huo!" Wachungaji, wasiojua moshi gani unatafutwa ndani ya maji, nao wakashangilia. Hata Nyakundi alivua miwani. Mama alitua nguo zake chini, akatazama ule mstari ukififia, akamwambia baba kwa Kigusii, taratibu, "Basi. Huendi tena."

Athumani aliondoka na vichwa vilivyofungwa kimoja kimoja kwa majani ya migomba ili kingo zisiguswe. Miezi iliyofuata nyumba yetu ilikuwa nyepesi. Baba alichonga akipiga mluzi, na alimwambia Nyakundi atafute mwenzi mwingine wa safari. Kila usiku familia ilipoketi kuomba, mama aliwaombea wagonjwa, wajane, halafu, bila aibu yoyote, aliwaombea nduaro wawe na njaa.

Athumani alirudi karibu na Krismasi, uso umeungua jua. Alimkumbatia baba akamwita fundi wa mafundi. Nduaro walikuwa wamepanda, zaidi ya mara moja, hata siku ambazo mashua za jirani zilirudi bila kitu. Halafu akaketi, akanywa chai yote kabla ya kusema lililobaki. Vichwa vilikuwa vimevunjika kingo, jambo ambalo mama alilisema tangu mwanzo. Isitoshe, kila mashua huacha mawimbi yake nyuma, na kila bahari ina siku zake. Kilichotoa moshi kwenye mashua moja kililala ubavu kwenye nyingine. Wenye mashua walitaka fundi mwenyewe awe pale bandarini, atoke nao asubuhi, akione kichwa kinavyoogelea, akichonge upya jioni. Walitaka aje mara moja.

Nje kuku walikuwa wakigombania maganda. Mama alimwongezea Athumani chai, kwa sababu mgeni ni mgeni. Baba aliondoka baada ya mwaka mpya, katika basi lilelile la Nyakundi. Kazi niliyoifanya kwa nguvu zangu zote juu ya karia ya baiskeli, ili abaki, ndiyo iliyomtafutia safari.

Alisema ni msimu mmoja. Ilikuwa misimu mingi, hadi ugonjwa wa mapafu ukamrudisha nyumbani akiwa mzee. Katika miaka hiyo nilisoma kila kilichoandikwa kuhusu uvuvi huo nilichoweza kukipata, labda ili niwe karibu naye. Najua vyambo havipangwi mstari mmoja, bali kwa umbali tofauti, kila kimoja kwenye uso wa wimbi lake. Najua ndoana lazima inolewe kabla ya kutoka, mwani uondolewe mara tu chambo kinapobadilisha mwendo, na jicho likae kwenye chambo kuliko kwenye upeo wa macho. Najua pa kugeuza mashua ndege wanapopiga mbizi. Sijawahi kupanda mashua hiyo.

Siku hizi mpwa wangu huchonga vichwa vilevile kwenye kibanda cha baba, kwa mashine inayorusha vumbi mara kumi ya panga. Nahodha humtumia video kwenye simu: chambo kikipanda, kikipumua, kikizama. Mpwa hutazama, husogeza tundu, na mzigo huondoka kwa gari la jioni. Hakuna anayemtaka bandarini. Juzi nilimwonyesha baba moja ya video hizo. Aliushika mkono wangu ili simu isitikisike, akaitazama hadi mwisho, akaomba irudiwe. "Kwa hiyo huonekana hata ukiwa hapa," akasema. Nikasema ndiyo, huonekana. Akanirudishia simu, akaegemea ukuta.

Bwawa limejaa tope na nyasi za ng'ombe, baiskeli haipiti. Vichwa vilivyoogelea vizuri vyote vilikwenda baharini na huko vikavunjika. Nyumbani kimebaki kimoja, kile cha kwanza, ambacho mama alikiviringisha ukingo kwa kidole chake na kikakataa kutoa moshi. Sisi hukiweka chini ya mlango ili upepo usiufunge. Hakijavunjika popote.