Kibaya Kwanza, Kama Alivyotaka Nekesa

Hata leo sijaamini, jamani. Lakini kwenye lab yetu hapa Kakamega kibaya huandikwa kwanza, kwa hivyo naandika: Nekesa amefariki. Tulimzika kwao Lumakanda wiki mbili zilizopita.

Nimechelewa kuposti kwa sababu kuna kitu nilikuwa nangoja. Nitawaambia.

Wengi mlimjua kama yule dada mwembamba wa kwaya mwenye kicheko cha mtu mnene. Mimi nilimjua akiwa na glavu. Miaka minne tumekaa meza moja, yeye na mimi Zuhura wa Mumias, tukihangaika na stenti.

Stenti ni kile kibomba cha wavu wa chuma ambacho daktari hukiweka ndani ya mshipa wa moyo uliobana ili damu ipite. Shida ni kwamba damu haikipendi chuma. Inakiona mgeni, inaganda juu yake, na mshipa unaweza kuziba tena.

Hayo yalimpata babake. Aliwekewa stenti, akarudi kwa mahindi yake, na kabla ya mavuno akarudishwa hospitali, stenti imeziba. Alipona, lakini Nekesa hakusahau. Alitaka chuma kipakwe utando mwembamba ambao damu ingeuzoea.

Sasa huo utando ulikuwa haukai. Tunapaka, tunafurahi, wiki mbili baadaye umebanduka.

Siku moja nilikula kuku lunch, ile ingokho yetu, nikanawa haraka haraka, nikashika kipande cha chuma bila glavu. Alipokiweka chini ya hadubini, alama ya kidole changu ilikuwa imelala pale chini ya utando, na mafuta yake yote.

Hakunigombeza. Ali-print ile picha, akaibandika mlangoni, akaandika chini: Zuhura alipita hapa. Iko hapo mpaka leo na kila mgeni anaoneshwa.

Na kitabu chake cha results je? Ukianza na kizuri, anafuta. "Tunaandikanga kibaya kwanza, Zuu. Kizuri hakina haraka."

Mwaka huu alikuja na njia nyingine. Akasema chuma chetu ni laini mno, na kwamba mamake, ambaye amesiriba nyumba maisha yake yote, angetucheka, maana ukuta hukwaruzwa kwanza ndipo udongo ushike. Basi tukakikwaruza kwa asidi, tukasuuza, tukapaka tabaka nyembamba moja moja, kila moja ikauke.

Vipande vitatu vikaingia kwenye chupa ya maji ya chumvi, joto la mwili. Siku tisini bila kufungua.

Siku ya sitini akaanza kukohoa. Madaktari wakasema ni homa ya mapafu, wakamlaza. Tulidhani atarudi baada ya wiki.

Siku ya sabini nilienda wodini na mpango wangu. Mnanijua, subira huvuta heri kwa watu wengine, si kwangu. Nilimwambia kesho nafungua ile chupa, nimletee habari njema akiwa bado kitandani.

Akanishika mkono. Sauti ilikuwa imebaki kidogo sana. "Baba hahitaji stenti ya siku sabini. Ngoja tisini, hata kama mimi sipo."

Nilikasirika, nasema ukweli. Nilimjibu "sawa basi" kwa ile sauti ya mtu aliyenuna, nikatoka. Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoyasikia kutoka kwangu, na yameniumiza kuliko ninavyoweza kueleza hapa.

Chupa sikuifungua. Nilipita mbele yake kila asubuhi, hata asubuhi ya mazishi. Kule Lumakanda kwaya yake iliimba, mimi nikajisemea innalillahi kimoyomoyo, na kichwani nikawa nahesabu: zimebaki kumi na mbili.

Juzi ilitimia siku ya tisini. Nilivaa glavu pea mbili.

Kibaya kwanza: kipande cha tatu kimebanduka pembeni.

Kizuri: viwili vimeshika. Vimeshika, Nekesa, kutoka pembe hadi pembe. Nililia pale kwa hadubini mpaka supervisor akaniletea kiti.

Najua bado. Hakuna mshipa wa mtu uliowahi kuuona utando huu, na vipimo vilivyobaki ni vya miaka. Lakini kwa mara ya kwanza tuna kitu cha kupeleka mbele.

Nilimpigia babake simu, nikamweleza polepole, nikianza na kile kimoja kilichobanduka. Akauliza kama ni viwili kwa vitatu. Nikasema ndiyo, mzee.

"Hata mahindi hayamelangi yote, mwanangu. Pandeni tena."

Kwa hivyo Jumatatu tunapaka vipande sita. Kitabu ni kile kile chako, Nekesa, na mwandiko wangu mbaya unaanzia pale wako ulipoishia.

Lile neno nililokutupia wodini naomba nilirudie leo, kwa sauti nzuri.

Sawa basi, Nekesa. Nimengoja tisini. Wewe lala kwa amani, chupa nitaichunga mimi.