Bustani ya Kuchomeka

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu wa kike, anaitwa Kidole, kwa sababu hamwagilii mmea wowote kabla hajazamisha kidole chake cha shahada udongoni. Kikitoka na unyevu, anapita. Kikitoka kikavu, anamwaga maji. Nilishamwona akiupima hivyo hata unga, dada yangu akamchapa mwiko wa mkono. Mimi nilimwonya dada mapema kwamba mwanamume anayezungumza na udongo zaidi kuliko na watu atamletea shida. Akili ninayo tele, wa kunisikiliza ndiye sina.

Kidole ni mtunza bustani wa ile nyumba kubwa ya zamani juu ya kilima, nje kidogo ya mji. Nyumba yenyewe usiombe. Baraza imeizunguka pande zote, ngazi za mbao zinalia ukizikanyaga, madirisha marefu kunishinda, na mimi si mfupi. Ila vigae vya paa vimeteleza, na dari ya sebuleni imefura kama shavu la mwenye jino bovu. Kidole aliajiriwa pale akiwa kijana. Mwenye nyumba, bibi mmoja mkali aliyependa mawaridi kuliko wageni, akampa vyumba viwili vya uani. Humo ndimo alimomleta dada yangu, na humo walizaliwa wapwa wangu.

Bibi alipofariki, warithi wake, ambao wote wanaishi mbali, waliiacha pampu ya kisima ife. Bustani nayo ikafuata. Kidole alibeba maji kwa ndoo mpaka mgongo ukagoma. Kilichobaki hai ni kijishamba nyuma ya jiko lao, mahali dada yangu anapomwaga maji aliyooshea vyombo. Pale palikuwa na mawaridi, bogenvilia na asumini, na ole wako uguse hata jani.

Ndipo akaja dalali, kijana wa viatu vilivyochongoka mbele, akiwa na tangazo lake: nyumba ya kihistoria, bustani za kuvutia, nafasi nzuri ya ukarabati.

"Ukarabati nauona," Kidole akasema. "Bustani iko wapi?"

"Hiyo kazi yako, mzee wangu. Kesho anakuja mama mmoja, nesi mstaafu. Anachotaka ni maua tu. Akiyakuta ananunua, na mimi nitamwomba asikuondoe. Asipoyakuta, kuna jamaa anataka kubomoa ajenge maghala. Hapo wewe na familia yako mtafute pa kulala."

Kesho yake asubuhi nilipanda kilimani kunyoosha lango, lango lililowashinda mafundi wenye vyeti. Dada alikuwa ameshaenda sokoni. Nikamkuta Kidole amepiga magoti mbele ya baraza, anatoboa ardhi kwa kile kidole chake na kuchomeka matawi ya maua, tawi baada ya tawi, kisha anamwagia maji pembeni ili udongo uonekane umelala na mvua.

"Shemeji, unapanda au unazika?"

"Nenda kwenye lango lako."

Nilichungulia nyuma ya jiko. Kijishamba cha dada kilikuwa kimenyolewa kama kichwa cha mwanafunzi siku ya kufungua shule. Na jambo moja lilinichekesha: kila tawi alikuwa amelikata mshazari, chini kidogo ya kifundo, kama linalotegemewa kuota. Mkono ulikuwa umezoea kazi ya kweli, haukujua kulipua kazi.

Nesi akafika na dalali. Mama mnene kidogo, mpole, viatu vya bapa. Dari hakuitazama. Ngazi hazikumshughulisha. Alikwenda moja kwa moja kwenye maua, akawa anayagusa mojamoja kwa ncha za vidole, na Kidole anamfuata nyuma, mkono umefichwa mfukoni kama mwizi wa mayai.

"Nimefanya kazi wodi ambayo dirisha lake lilitazama ukuta," nesi akasema. "Maisha yangu yote ya kazi. Haya uliyapanda mwenyewe, mdogo wangu?"

"Niliyaweka kwa mkono wangu, mama."

Hakusema uongo, na nadhani hilo ndilo lililomchoma zaidi.

"Basi nimeridhika. Kiinua mgongo changu chote nakimalizia hapa. Nikitoka naenda kutia saini." Akafungua mkoba, akatoa kopo tupu la maziwa ya unga. "Ila nichimbulie mche mmoja na mizizi yake. Nikakae nao chumbani mpaka nihamie."

"Mama, tutakuletea hata kumi," dalali akadakia.

"Kumi nipeleke wapi? Nataka huu."

Kidole akaenda kuchukua koleo. Akarudi, akalisimika, akabaki ameliegemea. Dalali alikuwa anamkonyeza mpaka nikadhani kaingiwa na mdudu jichoni. Wakati huohuo dada yangu akatokea pembeni ya nyumba na kikapu chake cha sokoni. Alikuwa ameshapita jikoni na kukiona kijishamba chake. Akakitua kikapu polepole. Ninyi mnaomjua dada yangu mnajua hapo ndipo pa kuogopa.

Kidole akalaza koleo chini. Akachomoa lile tawi kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa kalamu mfukoni, akampa nesi.

"Halina mizizi, mama. Hakuna hata moja lenye mizizi hapa. Nimeyachomeka leo asubuhi. Ni ya mke wangu, naye nimemwibia."

Dalali akainama kuvichunguza viatu vyake.

Nesi aliligeuza tawi, akautazama ule mkato. "Nimewapaka mafuta wagonjwa wengi," akasema taratibu. "Nikawachana nywele, ndugu wasishtuke wakiingia." Kidole akainua macho, ana tumaini. "Lakini sikuwahi kuwaambia ndugu kwamba mtu wao amepona."

Kidole akainamisha kichwa. Nesi akamgeukia dada yangu, akaomba apelekwe yalikotoka maua. Walikaa nyuma ya jiko muda mrefu. Mimi nikasogea na nyundo yangu kukagua bawaba ambayo haikuwepo, nikasikia:

"Maji ya vyombo, na sabuni yake?"

"Na sabuni yake, mama. Hayajawahi kulalamika."

Siku ile hakutia saini. Alirudi baadaye na fundi wa paa, maana sasa macho yake mwenyewe alikuwa hayaamini, na mwisho akainunua. Mtunza bustani aliyemwajiri ni dada yangu. Kidole ni msaidizi wake. Vyumba vya uani wamebaki navyo, na dada, akiwa bosi, ametoa amri moja: yale matawi yasing'olewe mpaka kila shimo lipate mche wa kweli. Kwa hiyo kila asubuhi Kidole anapita katikati ya vijiti vikavu kwenda kazini.

"Shemeji, bustani imenawiri," namtania. Zamani angecheka.

Juzi niliona kijiti kimoja cha bogenvilia kimetoa chipukizi. Nikamwita, nikijua nampelekea furaha. Alipiga magoti, akazamisha kidole pembeni yake, akakitoa, akakifuta kwenye suruali.

"Hicho usikihesabu," akasema. "Sikukipanda. Nilikichomeka."

Dada akapita na beseni la maji ya vyombo, akakimwagia, akaendelea na safari yake.