Pikapu ya Mama Mkubwa

Wiki iliyopita nilikuwa naingia Omurushaka, taa ya njano ikawaka kwenye dashibodi ya gari langu. Nikasimama kwa fundi mmoja kando ya barabara, mtu mzima mwenye ovaroli safi kuliko gauni langu. Akafungua boneti, na ndani, rafiki yangu, hakikuonekana kitu ila mfuniko mweusi wa plastiki. Hata hakuugusa. Alichomeka kidude chini ya usukani, akatazama simu yake, akasema, "Ni sensa, mama. Dakika kumi tu."

"Hulisikilizi kwanza?" nikamuuliza.

Akacheka kwa adabu. "Nisikilize nini, mama? Lenyewe linasema."

Na kweli, dakika kumi hazikupita. Nilistaajabu, sikatai. Lakini nilipokaa kwenye benchi lake, petroli ikinukia kutoka kwenye pikipiki ya jirani, nilijikuta niko nyumbani kwetu Kyerwa, kilimani, nina miaka tisa, na mama mkubwa ameinama juu ya injini, sikio limeelekea chini kama mtu anayeambiwa siri.

Mama mkubwa alikuwa dada mkubwa wa mama yangu. Mumewe alikuwa dereva, akanunua pikapu ya kijivu iliyokuwa imezeeka tangu siku hizo, na kwa miaka mingi walisomba nayo kahawa na ndizi za watu. Kazi ya mama mkubwa ilikuwa kukaa kiti cha pembeni na kumpa mumewe spana. Mume alipofariki, ndugu wa ukoo walikaa kikao waiuze pikapu. Mama mkubwa aliwasikiliza mpaka mwisho, akaamka, akaenda uani, akaiwasha. Akaizungusha mara moja kwenye uwanja wa kuanikia kahawa bila kukanyaga hata jamvi moja, akaizima, akarudi kuketi. Kikao kiliishia hapo.

Asubuhi zake sitazisahau. Kabla ya chai, kabla hata ya kumsalimia mtu, alifungua boneti. Alichomoa kijiti cha oili, akakifuta kwa kitambaa, akakitumbukiza tena, akakinusa. Alijaza maji kwenye rejeta. Plagi alizisugua kwa msasa, akazipanga kando ya mafiga zikauke huku ndizi na maharage vikichemka, na sisi watoto tulijua kwamba ukikanyaga plagi moja hutakula siku hiyo. Nafasi ya platini, vile vyuma viwili vidogo vinavyoachana ili plagi zitoe cheche, aliipima kwa kipande cha pakiti ya majani ya chai. Jumamosi alilala chali chini ya gari akipiga grisi, tukiona miguu yake tu na pindo la kitenge, na sauti yake ikiimba nyimbo za kwaya ya kanisani. Alitafuna kahawa kavu muda wote, ile inayochemshwa na majani kisha ikaanikwa, na mpaka leo harufu yake ikichanganyika na oili huwa natafuta alipo.

"Chombo hakifi ghafla," alizoea kusema. "Kinakuambia mwezi mzima, wewe ndiye husikii."

Si wote waliomheshimu. Mzee jirani, ambaye shamba lake lilipakana na letu, hakupanda pikapu ile tangu siku mama mkubwa alipoushika usukani. Alitembea kwa miguu hadi mnadani, kofia kichwani, fimbo mkononi, na tukimpita alitazama migomba. "Gari la mwanamke ni la kubebea mbuzi," aliwahi kusema mbele za watu. Mama mkubwa alisikia. Siku ya mnada iliyofuata alisimama, akamwamkia shikamoo kama kawaida, akamfungulia mlango. Mzee akaendelea kutembea.

Ilikuwa msimu wa kuvuna kahawa, jua kali, vumbi jekundu hadi kwenye kope. Mama yangu alishikwa na uchungu tangu alfajiri. Baba alikuwa amevuka mpaka pale Murongo na mzigo wa maharage, hakuna wa kumwita. Bibi ndiye aliyekuwa mkunga wetu, na mikono yake ilikuwa imepokea watoto wa kilima kizima. Saa sita mchana nilimwona akitoka chumbani, akinawa mikono polepole sana.

"Mtoto amekaa vibaya," akamwambia mama mkubwa. "Huyu si wangu tena. Ni wa hospitali."

Tuliweka majani ya migomba nyuma ya pikapu, juu yake godoro, juu yake mama. Bibi alipanda akampakata. Mimi nilipanda bila kuambiwa. Kisha mzee jirani akatokea kwenye uzio. Nadhani alikuwa amesikia kilio.

"Mtahitaji mtu wa kusukuma," alisema, bila kumtazama yeyote, akapanda.

Tulikwenda vizuri hadi chini ya mlima wa mwisho, ule unaopanda kuelekea hospitali ya Isingiro. Pikapu ikakohoa. Ikakohoa tena, ikatikisika, ikanyamaza. Baada ya ngurumo ile yote, kimya kilichofuata kilikuwa cha kutisha, kisha ndani ya kimya nikasikia meno ya mama yakisagana.

Mama mkubwa alishuka bila haraka. Akafungua boneti, akachomoa bomba la mafuta kwenye kabureta, akaniambia niingie ndani nizungushe ufunguo. Injini ilizunguka, bomba likabaki kavu.

"Pampu imekufa," akasema.

"Nilisema mimi," mzee akaanza. "Nilisema tangu mwanzo, gari hili..."

"Mzee wangu," mama mkubwa akamkatiza, kwa upole mpaka nikaogopa, "utasema tukifika."

Alisimama akaitazama injini. Akatazama mlima. Midomo yake ilikuwa ikitafuna kahawa taratibu, na mimi niliyemjua niliona kwamba hakuwa anaomba wala hakuwa amekata tamaa. Alikuwa anafikiri. Kisha akaenda nyuma ya kiti, akatoa dumu la petroli la akiba na ule mpira mrefu wa kunyonyea mafuta. Akanyonya, akatema, akachomeka upande mmoja kwenye kabureta. Upande wa pili ulibaki ndani ya dumu. Boneti akaifunga kwa kamba, ikabaki wazi kidogo mpira upite.

"Maji hayapandi mlima, lakini hushuka," aliniambia. "Na petroli ni hivyo hivyo. Dumu likikaa juu ya kichwa cha gari, injini itakunywa yenyewe. Wewe ni mwepesi. Simama nyuma, liweke juu ya kabini, lishike. Nikipiga kelele 'juu', linyanyue. Usilimwage, usilie, usimtazame mama yako."

Nikamgeukia mzee. Alikuwa tayari ameweka fimbo chini. Alinishika kiunoni kwa mikono yake miwili iliyokauka kama magome, akasema, "Shika dumu, mjukuu wangu. Mimi nakushika wewe."

Na pikapu ikawaka.

Sijui nikueleze vipi, rafiki yangu. Nimepanda ndege tangu hapo, nimeona meli, nimeona mashine zinazoona ndani ya mwili wa mtu. Hakuna kilichonifanya nihisi nilivyohisi pale, nimesimama juu ya barabara ya vumbi, petroli ikinichoma macho na kunitiririkia viwikoni, nikitazama mpira ule mwembamba ukitetemeka kwa kila tone, huku gari zima, na watu wote waliokuwamo, na yule ambaye bado hajazaliwa, wakipanda mlima kwa kilichokuwa mikononi mwangu. Chini yangu bibi alikuwa akimbembeleza mama kwa lugha ya kwetu, "Waitu, waitu," yaani mpenzi wetu, "bado kidogo." Mama mkubwa aliendesha kichwa kikiwa nje ya dirisha. Hakutazama barabara tu, alikuwa anasikiliza. Kabla injini haijakohoa, tayari alishajua. "Juu!" Nami nanyanyua. "Juu!" Mabega yakawaka moto, nikayasahau. Kwenye kona kali ya mwisho niliteleza, na mikono ya mzee ikanibana mbavu hadi nikashindwa kupumua, lakini dumu halikuinama.

Tulipofika, wauguzi walitoka mbio na machela. Mama alipasuliwa alasiri ile ile, akasalimika. Mdogo wangu akatoka wa buluu, akachapwa, akalia, na bibi, ambaye hakuwahi kulia mbele yetu, alikaa chini kwenye korido akajifunika uso kwa khanga.

Nje, mama mkubwa alikuwa tayari ameinama tena ndani ya boneti. Mzee jirani alimwendea. Alivua kofia. Alikuwa na umri wa kuwa baba yake.

"Shikamoo, dereva," akasema.

Mama mkubwa alishtuka, spana ikamponyoka. "Mzee, unanitafutia dhambi! Ni mimi wa kukuamkia."

"Umri wangu naujua," mzee akajibu. "Nimeiamkia kazi."

Mama mkubwa aliokota spana, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akamfungulia mlango wa mbele. Safari hii mzee alipanda.

Miaka ilikwenda. Vipuri vikawa havipatikani, bodaboda zikajaa hadi njia za mashambani, na pikapu ikaegeshwa kando ya migomba ikaota kutu. Krismasi moja nilikuwepo nyumbani walipokuja wanunuzi wa vyuma chakavu, wanaume wanne wenye lori na nyundo kubwa. Mama mkubwa, mgongo umeshapinda, alikubali kuiuza. Ila mmoja wao alipoinua nyundo, alisema, "Ngoja, mwanangu. Hii haivunjwi. Hii inafunguliwa."

Akaleta spana zake, akaketi kwenye kigoda. Alianza na taa. Kisha milango, kisha boneti, kisha injini, bolti moja baada ya nyingine, nyingine zimeganda kwa kutu akizilainisha kwa mafuta na kuzisubiri. Hakuna hata moja iliyofunguliwa kabla ya zamu yake. Mwanzoni wale wanaume walicheka, wakatazama saa. Baadaye wakakaa kwenye nyasi, nyundo mapajani, wakimtazama. Mmoja alizima redio ya lori. Jua lilipoinama, gari zima lilikuwa limelala uani kwa mpangilio, kila kipande mahali pake, na mama mkubwa alikuwa akijifuta mikono.

Walipakia polepole, kwa mikono miwili, kama watu wanaobeba vyombo vya udongo. Walipoondoka, pale ilipokuwa imeegeshwa pakabaki umbo la pembe nne la majani meupe yasiyowahi kuona jua. Nilikaa wiki mbili. Siku naondoka mvua zilishanyesha, na nilipokwenda kupaangalia, majani yalikuwa ya kijani kote, sikuweza tena kuonyesha ni wapi.