Ukurasa wa Namba Saba

Juzi nilirudi Al Baraha, mtaa tulioishi zamani huku Uarabuni, rafiki yangu, na nisikufiche, sikuwa na shughuli yoyote huko. Nilishuka tu kwenye teksi nikasimama chini ya jengo letu la zamani. Bado lipo. Dobi wa pale chini kaondoka, sasa wanauza makava ya simu, lakini mashine za ubaridi zinadondosha maji vilevile uchochoroni, na usipoangalia zinakupata utosini. Mkobani nilikuwa na kijitabu chembamba cha jalada la kijani: historia ya timu ya mpira wa kikapu ya chuo kimoja cha maafisa wa jeshi huko kwetu Tanzania. Ukurasa mmoja wa kijitabu kile niliuandika mimi, nikiwa na miaka kumi na moja, ghorofa ya tatu ya jengo lile. Natamani mkono ungekauka siku ile.

Nianze na Afande. Alikuwa jirani yetu mlango kwa mlango, mlinzi wa usiku kwenye maghala ya Deira, na kila Mswahili wa jengo lile, awe wa Unguja, Mombasa au Kampala, alimwita Afande kwa kuwa aliwahi kuvaa nyota begani. Mama yangu alikuwa akilea watoto wa madam mmoja Rashidiya na kurudi magharibi, kwa hiyo nikitoka shule nilikuwa nafikia kwake. Shikamoo Afande. "Marahaba, karani." Hapo ndiyo kwanza kaamka. Sare yake imeshapigwa pasi, inaning'inia mlangoni ikinuka wanga, na chai ya hiliki na maziwa ya kopo inachemka mpaka inamwagikia jiko. Alinipa na mkate wa khubuzi ulionyunyizwa sukari. Sijala kitu kitamu vile tangu hapo, na nimekula hoteli kubwa kubwa za mji huu.

Karani lilikuwa jina la kazi. Chuo chake cha zamani kilimwandikia barua kwamba kumbukumbu zote za timu zimeliwa na mchwa, na wanaomba wachezaji wa zamani waandike wanachokikumbuka ili kichapwe kitabu. Afande alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Alikuwa anaona mwanga wa dirisha na kivuli changu, basi. Kazini alikuwa anajibaraguza tu, anatambua magari kwa mlio. Mimi Kiswahili cha kuandika nilikipata kwenye barua za bibi yangu, kwa hiyo nikapewa daftari kubwa na kalamu ya wino wa bluu, na cheo.

Basi yalikuwa mambo! Alikuwa anatembea dirishani hadi mlangoni, mikono nyuma, anasema, "Andika, karani. Nukta. Mstari mpya. Yalla, usilale." Nikaandika jinsi uwanja wa kwanza ulivyosawazishwa kwa jembe na wanafunzi waliokuwa wakitumikia adhabu, na jinsi makosa yalivyopungua chuoni hadi kocha akaomba watafutiwe wakosaji zaidi. Nikaandika kikapu cha kwanza kilichokuwa pete ya pipa, na mpira ulioshonwa na fundi viatu mpaka ukawa unadunda kwenda pembeni, wageni wanapotea, wenyeji wanaujua. Akifika kwenye pasi nzuri anachukua mto wa kitandani ananirushia. Mama alikuwa anasema mtoto huyu ataishia kuota vikapu. Niliviota kweli.

Katika wachezaji wote mmoja hakumtaja jina kamwe, alimwita Namba Saba. "Huyo tutamfikia," anasema, kisha anabadilisha habari. Siku moja tu aliniambia kwamba watu walisema Namba Saba aliuza mechi ya fainali waliyocheza na chuo cha polisi, na kwamba kwa ajili hiyo hakupandishwa cheo maisha yake yote. Nilimchukia mtu yule. Nilikuwa mtoto, nilishangilia timu nisiyowahi kuiona.

Halafu Afande akaharibikiwa. Asubuhi moja alilipigia saluti gari la taka akidhani ni la arbab, tajiri wake, na arbab mwenyewe amesimama nyuma yake. Mzee yule hakumgombeza. Alimshika bega akamwambia, khalas, imetosha, rafiki, nenda nyumbani ukatibiwe. Viza ikafutwa. Afande alisema si neno, ana barua ya chuo, akifika na kazi yao mkononi watamsaidia alazwe hospitali ya jeshi apasuliwe macho. Inshallah, akasema, na mimi nikalishika neno lile kwa mikono miwili.

Siku mbili kabla ya safari tukafika kwenye fainali. Hakutembea. Alikaa kitandani, mikono magotini.

"Andika. Tulikuwa tunaongoza kwa pointi moja, muda umekaribia kuisha, mpira uko mikononi mwangu. Kocha alisema nisiuachie. Mimi nikataka sifa, nikarusha pasi ya mbwembwe, nyuma ya mgongo, kwa Namba Saba, ambaye hakuwa akinitazama. Mpira ukampita, polisi wakaudaka, wakafunga. Jioni watu waliposema Namba Saba kauza mechi, nilikuwepo. Nilinyamaza. Hakuuza kitu. Kosa ni langu mimi."

Kalamu ilikuwa imesimama. Nakuapia sikuwaza kumuumiza mtu. Niliwaza macho ya Afande tu. Nikaona wale wakubwa wa chuo wakisoma ukurasa ule na kusema, kumbe ni huyu, basi akae na upofu wake. Kwa hiyo nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote: Namba Saba aliuachia mpira kwa makusudi, na sote tulijua kwamba ameuza mechi.

"Nisomee," akasema Afande.

Nilikuwa na kichwa chepesi, walimu walinisifu kwa hilo. Nikayatazama maneno yangu na kumsomea ya kwake, neno kwa neno, mpaka "kosa ni langu mimi." Akajifuta uso kwa fulana. "Khalas, karani. Sasa naweza kwenda nyumbani."

Alikwenda. Mwezi haukuisha akapiga simu kwa mama, nikapewa niongee. Laini ilikuwa inakwama kwama. Alisema daftari limefika, wamelipokea kwa heshima. Kisha akasema, "Na mwenzangu nimempata, karani! Namba Saba yuko hai. Nimemwambia asubiri kitabu, humo nimesema yote." Mdomo wangu ulikuwa umejaa chapati. Ningeweza kumeza na kusema. Nilisema, "Sawa, Afande," nikamrudishia mama simu.

Alifariki mwaka uliofuata, kabla zamu yake ya kupasuliwa haijafika. Kwa hiyo hata kwa macho yake haikusaidia kitu.

Ilinichukua miaka mingi kukitafuta kijitabu, kwa woga tu. Mwaka jana nilikipata, nikaufungua ukurasa ule, na maneno yangu ya utoto yalikuwepo yote, chini yake jina la Afande. Nikawaandikia chuo. Wakanijibu kwa adabu kwamba mwandishi ni mchezaji mwenyewe, aliyekuwepo, na mimi sikuwepo. Watu wa haki kabisa. Daftari lenyewe walishalitupa.

Kwa jina lililokuwa kwenye orodha ya timu kijitabuni, nikaulizia hadi nikafika kwa Namba Saba, nje ya Morogoro. Nilimkuta mjane wake anachambua mchele. Aliponisikia nataja kijitabu aliweka ungo chini. Akanieleza kwamba siku kilipofika, mzee wake aliwaita wenzake wote wa kijiweni, akataka wapikiwe pilau, akamwambia binti yao asome kwa sauti ili kila mtu asikie. Binti akafika mahali akanyamaza. Mzee akamwambia, soma tu, mwanangu. Akasoma.

"Wakaaga mmoja mmoja," alisema yule mama. "Pilau nikaigawa kwa majirani. Naye kijiweni hakurudi tena, mpaka tunamzika."

Hapo ndipo nilipomwambia. Yote, pamoja na kalamu, pamoja na chapati. Hakunitukana, na nilitamani anitukane. Aliuchukua ungo wake, akaupepeta mara moja, akaacha.

"Nimekusikia," akasema. "Na wale wazee wa kijiweni wamekwisha wote. Sasa mimi, mwanangu, nikamwambie nani?"