Siku Nane Guangzhou kwa Ajili ya Laini ya Mpakani

Nilitumwa Guangzhou kwa sababu ya saini. Ofisi yetu ya mipango ya umeme inashirikiana na nchi jirani kujenga laini ya msongo mkubwa itakayovuka mpaka upande wa Kigoma, na transfoma mbili za laini hiyo zilikuwa zimekamilika kiwandani. Alitakiwa mkaguzi wa kuzitazama zikijaribiwa, kisha atie saini hati ya kuruhusu zipakiwe melini. Mkaguzi huyo ni mimi.

Msomaji asiyezijua kazi hizi anivumilie aya moja ya kanuni. Umeme ukivuka mpaka, nchi moja haiwezi kujiamulia peke yake. Kila upande unawasikiliza wananchi wake ambao laini itapita kwenye ardhi yao na pengine kuwahamisha, na unaandika mahudhurio na maoni yao. Kisha pande mbili zinabadilishana kumbukumbu, na kamati ya pamoja inatoa kibali. Kifaa chochote hakisafirishwi mpaka mkaguzi athibitishe mambo mawili: kwamba kifaa ni kizima, na kwamba masharti yote ya kibali yametimizwa. Hati ina kurasa mbili, kila ukurasa kwa jambo lake. Mkutano wa wananchi upande wetu niliuendesha mimi mwenyewe, katika kijiji cha mpakani, na ulijaa watu mpaka turubai likawa dogo. Nilikuwa najivunia mkutano ule. Nilipokuwa nafunga begi sikuona kitakachonizuia kusaini.

Jumatano alfajiri niliondoka Dar es Salaam kupitia Addis Ababa. Ndani ya ndege wengi walikuwa wafanyabiashara, na waliizungumzia Guangzhou kama mtu anavyoizungumzia Kariakoo. Jirani yangu aliniuliza nakwenda kununua nini. Nilipomwambia nakwenda kuangalia transfoma, alinitazama kwa huruma, akageukia dirishani.

Alhamisi mchana nilipokelewa na Haroub, Mzanzibari wa makamo anayeishi mtaa wa Sanyuanli miaka mingi. Ndiye wakala wetu wa kusafirisha mizigo. Alinipa chumba kwenye fleti yake, ghorofa ya sita, juu ya majengo ya maduka ya jumla ambako mikokoteni hailali. Ofisi yake iko chini, meza moja na kabati la makaratasi. Kwa simu alikuwa akisema Kichina, Kiswahili na Kiingereza katika pumzi moja.

"Nafasi melini nshakushikia," aliniambia. "Alkhamisi ijayo, bandari ya Huangpu. Weye saini tu, mengine niachie mimi."

Ijumaa na Jumamosi nilishinda kiwandani. Mwenyeji wangu huko alikuwa Mhandisi Liang, mwanamke mwembamba asiyependa maneno mengi, nasi tulielewana kwa Kiingereza cha vipimo. Transfoma zilisimama kwenye ukumbi mrefu, kila moja kubwa kuliko nyumba niliyokulia. Tulipima mafuta, tukapima joto, tukapiga umeme wa ghafla kama wa radi na kusubiri kuona kama kitu kitapasuka. Hakikupasuka kitu. Jumamosi jioni Liang aliniletea hati ili nikaisome nyumbani kwanza, tutie saini Jumatatu. Niliupenda utaratibu huo.

Jumapili asubuhi Haroub alinipeleka Yide Lu, barabara ya vifaa vya shule, midoli na vyakula vikavu vya kila namna. Alikuwa na mteja wa kumsaidia kufunga mzigo wa mchanganyiko. Mteja mwenyewe alikuwa Mama Neema, mwenye duka Kasulu mjini. Nilimkuta amesimama mbele ya rundo la madaftari akibishana bei na mwenye duka. "Laobani, hapana, tai gui le! Ghali mno!" Laobani, kama wanavyomwita mwenye duka, akasema "meiyou, meiyou," yaani hana bei nyingine. Mama Neema akaanza kuondoka, na bei nyingine ikapatikana.

Mchana tulirudi Sanyuanli, Haroub akapika wali wa nazi na samaki. Ni hapo mezani Mama Neema alipoanza kunitazama usoni.

"Kaka, mimi wewe nakujua," alisema. "Si ndiye uliyekuja gulioni na turubai, ukatuhutubia habari za umeme?"

Nilifurahi. "Ndiye mimi. Kumbe wewe ni mwenyeji wa pale kijijini?"

"Pale? Mimi si nimekwambia mtu wa Kasulu? Nilikuwa na vitenge vyangu siku hiyo, vimeisha mapema, jua kali. Nikaona kivuli na soda, nikakaa. Na wale kina mama wa maharage wanaotoka ng'ambo ya mpaka nao wakakaa. Daftari likapita, tukajiandika."

"Mlijiandika kama wakazi?"

"Tulijiandika majina. Nani alituuliza tunaishi wapi?"

Haroub aliweka kijiko chini akacheka mpaka akafuta macho. "Yaani mhandisi umewauliza wageni kama wenyeji wahame!"

"Na wenyeji walikuwa wapi?" nilimuuliza Mama Neema. Sauti yangu ilikuwa imeshabadilika.

"Si kwenye meza zao, kaka. Mwenyeji siku ya gulio anauza. Ataiacha meza yake nani, aende kusikiliza hotuba?"

Siku ya gulio niliichagua mimi. Mtendaji wa kijiji alinishauri Jumatano, nikamwambia Jumatano watakuja watu wachache, na kamati inapenda kuona watu. Ofisini kwetu mkutano mzuri ni mkutano uliojaa. Hivyo ndivyo tulivyozoea kupima, na sikuwahi kusikia mtu akiuliza wamejaa akina nani.

Nilikwenda chumbani nikafungua kompyuta. Nakala ya daftari la mahudhurio nilikuwa nayo. Jina la Mama Neema lilikuwa ukurasa wa tatu. Chini yake safu ya namba za simu ilijaa namba zinazoanza na msimbo wa nchi jirani, moja baada ya nyingine, kwa mwandiko wangu mwenyewe, maana wengine waliniomba niwaandikie. Niliziandika kwa mkono wangu na sikuziona. Niliona aibu ambayo sijaiona tangu niwe mtu mzima.

Jambo lenyewe halikuwa gumu kulielewa. Nikisaini ukurasa wa pili, transfoma zinaondoka Alhamisi na umeme unafika kwa watu waliousubiri miaka. Nisiposaini, nitakuwa nimeuangusha mradi kwa kosa langu mwenyewe ambalo hakuna aliyeligundua isipokuwa mimi, Haroub na muuza vitenge. Nilimpigia simu mkuu wangu. Nyumbani ilikuwa asubuhi, na watoto wake walisikika nyuma.

"Injinia, kamati imeshapitisha," alisema.

"Imepitisha daftari bovu, mkuu. Wengine waliomo ni raia wa upande wa pili, wamehesabiwa kwetu."

Alifunga mlango, sauti za watoto zikakatika. "Unajua utakuwa umejimaliza mwenyewe?"

"Najua."

"Basi andika barua ya kueleza kosa lako. Mimi sitakuandikia."

Jumatatu asubuhi nilimkabidhi Mhandisi Liang hati. Ukurasa wa kwanza nilikuwa nimeusaini. Wa pili ulikuwa mtupu. Aliugeuza, akaugeuza tena.

"Transfoma zina kasoro?"

"Hazina. Kasoro ni ya mkutano niliouendesha nyumbani. Watu wanaohusika hawakusikilizwa."

Aliugonga muhuri mwekundu ukurasa wa kwanza peke yake, ili isije ikasemwa baadaye kwamba mashine ndizo zilizokataliwa. Alasiri hiyo wafanyakazi walizifunika kwa maturubai na kuzisogeza pembeni ya ukumbi. Nilisimama nikatazama mpaka wakamaliza, ingawa hakuna aliyeniambia nisimame.

Jumanne tulikwenda Huangpu, Haroub na mimi, kuiachia nafasi melini. Bandari ile ni makontena tu mpaka jicho linachoka. Haroub aliingia kwa wakala wa meli akatoka baada ya muda mfupi, uso umemkunjamana.

"Wameichukua wengine hapo hapo," alisema. "Sikufichi, umeniudhi. Nimekwenda mbio wiki mbili kwa nafasi hii."

"Nisamehe, Haroub."

"Nshakusamehe, lakini bado nimeudhika." Jioni akanipikia vizuri kuliko siku zote.

Alhamisi, siku ambayo meli iling'oa nanga bila mzigo wetu, nami nilipanda ndege. Nilipofika ofisini barua yangu ilikuwa imetangulia. Niliondolewa kusimamia mradi. Sikupinga, kwa kuwa kanuni ndivyo inavyosema, na mimi ni mtu wa kanuni hata zinaponiuma. Kibali kilisimamishwa pande zote mbili. Vijana wa kijijini walimpigia simu mtendaji kuuliza ni nani huyo aliyewanyima umeme, naye akawapa jina langu.

Miezi michache baadaye mkutano ulirudiwa, siku ya Jumatano, ukiendeshwa na mwenzangu. Niliomba ruhusa nikaenda kwa gharama zangu, nikakaa nyuma. Walikuja watu wachache, kama nilivyohofia. Kila aliyeingia aliulizwa shamba lake liko wapi na akalionyesha kwenye ramani yangu ya zamani iliyotandikwa mezani.

Nilichojifunza katika safari yote ni kidogo, na mtendaji alikuwa akikijua tangu mwanzo: anayehesabu watu kabla ya kuwauliza wanakotoka amehesabu viatu, si watu. Nilikuwa nimeshaanza kujipongeza kwa hekima hiyo wakati mama mmoja, Yolanda, alipoinama juu ya ramani. Alitafuta kwa kidole, akakisimamisha mahali ambapo nilikuwa nimechora nguzo na kuandika pembeni, kwa mkono wangu, "eneo wazi".

"Umeme siukatai," alisema. "Lakini hapa nimemzika mume wangu."